Aliyepotea Akae Palepale

Mlinzi alipita tena, na safari hii alipunguza mwendo. Alikuwa mzee mwenye viatu vya mpira visivyotoa sauti, na alinitazama vile mtu anavyotazama mzigo ulioachwa bila mwenyewe. Nikamtabasamia ili ajue kwamba wenyewe wapo, wako njiani. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mzunguko wake, nami nikabaki kwenye benchi mbele ya kabati la kioo la makumbusho, magoti nimeyabana kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Ndani ya kabati kulikuwa na pembe. Si pembe ya mnyama. Ni kile kifaa cha mbao ambacho mkunga hukisimamisha juu ya tumbo la mama mjamzito, akaegemeza sikio, akasikiliza moyo wa mtoto ukipiga mle ndani. Chuoni tulikiita pembe, na mimi sijui kukiita vingine mpaka leo. Hii ya kabatini ilikuwa imelainika na kuingia weusi upande wa sikio, kwa mashavu ya wakunga waliokwisha kufa zamani. Waliimulika kwa taa ndogo kutoka juu, wakaiandikia maelezo marefu pembeni, na hakuna aliyesimama kuyasoma isipokuwa mimi.

Nilikuwa nimewaleta rafiki zangu wawili waione. Tulikuwa pamoja mpaka juu ya ngazi. Hapo nikatangulia kwa furaha, nawaambia, "Njooni, njooni, kuna kitu," nikapita chumba cha vyungu, nikapita chumba cha sarafu, nikapishana na kundi la watoto wa shule lililojaza ukumbi mzima, nikakata kona. Nilipofika mbele ya kabati niligeuka mdomo nimeshaufungua, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Basi nikakaa. Ndivyo nilivyofundishwa.

Asubuhi ya siku hiyo nilifika stesheni mapema mno, wafagiaji wakanifagilia hadi miguuni. Wale wawili walikuwa wamekuja nchi ile ya watu nilikokuwa naishi, kwa mkutano wa wakunga, na siku ya mwisho, kabla ya ndege yao, walikuwa huru. Niliiomba siku hiyo kwenye simu kama mtu anayeomba moto kwa jirani: kwa haraka, nikijifanya si jambo kubwa. Usiku wa kuamkia nilichemsha mayai, nikakata mkate, nikapiga pasi gauni ambalo halikuhitaji pasi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Rafiki yangu Kifungua alipiga kelele kutoka mlango wa mbali wa stesheni, na watu wasiojua maana wakageuka. Alikuwa amenenepa, amependeza. Nyuma yake alichechemea mwenzake, Kati, kwenye viatu vipya ambavyo ni wazi vilinunuliwa kwa ajili ya kupigiwa picha, si kutembelea. Nilikumbatiwa pande mbili kwa wakati mmoja. Kwa muda mrefu sana sikuwa nimekumbatiwa na mtu aliyeweza kusimama mwenyewe.

Niseme kazi yangu. Siku zile nilikuwa katika nyumba ya kulelea wazee: kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha, kuwageuza wasitoke vidonda. Kabla ya hapo nilikuwa mkunga. Nilikuwa nawatania wenzangu wa pale kazini kwamba nimetoka kwenye kupokea watu nimekuja kwenye kusindikiza, kazi ni ileile ila mlango ni wa nyuma. Hawakucheka. Utani wangu mwingi ulikuwa unafia katika lugha yao kabla haujafika mwisho, nikaacha kutania, na mtu asiyetania siku nzima huanza kusahau yeye ni nani.

Sisi watatu tulisoma ukunga chuo kimoja, tukalala chumba kimoja cha bweni. Matroni wetu, mama mfupi aliyeweza kukuita ukiwa jengo la pili bila kupaza sauti, alitupa majina siku ya kwanza kwa jinsi tulivyoingia mlangoni. Wa kwanza alimwita Kifunguamimba, wa pili akawa Kati, na mimi niliyefika jioni na begi lililokatika mkanda akaniita Kitindamimba. Kwa uvivu wa ndimi zetu tukabaki Kifungua, Kati na Kitinda. Majina ya wazazi wetu yalibaki kwenye vyeti.

Tangu bwenini tulikuwa na ndoto ya kufungua kituo chetu cha kujifungulia akina mama. Nikaondoka mimi, mdogo wao, niende ughaibuni kutafuta pesa, nikasema narudi baada ya miaka miwili. Walikifungua bila mimi, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu vya kulala upande wa uani. Kifungua alichukua kimoja, Kati kimoja. "Cha tatu ni chako, tumekifunga na kufuli," waliniambia, na kwa muda mrefu kila simu iliishia hapo: chumba chako kipo. Halafu simu zikafupika. Tukawa tunaulizana hali na kujibiana salama. Mpaka wanafika stesheni siku ile, nilikuwa nimekaa miaka tisa, na sikukumbuka lini walikitaja chumba kwa mara ya mwisho.

Wiki hiyohiyo msimamizi wa nyumba ya wazee alikuwa ameniita. Alitaka kunipa ajira ya kudumu, kiongozi wa zamu, na alitaka jibu Jumatatu. Ukikubali, alisema, huu ndio utakuwa mji wako. Alisema kwa wema kabisa, nami nilitoka mle ofisini nikaenda kukaa chooni.

Sikuwaambia rafiki zangu. Nina kiburi, na kiburi cha maskini ni kibaya kwa sababu ndicho peke yake alicho nacho. Niliona mtu mzima haombi kuitwa nyumbani. Lakini niliweka nadhiri moyoni: wakisema "rudi", hata kwa mzaha, hata mtu akiwa na mkate mdomoni, Jumatatu namwambia msimamizi ahsante, naondoka. Wasiposema, nabaki. Nilikuwa nimewapa siku nzima na hawakujua kama wamepewa.

Treni ilikuwa na viti vinavyotazamana. Wao walikaa pamoja kama walivyozoea kukaa, wakafunguliana vifundo vya skafu bila kuombana, mimi nikakaa mbele yao. Nilikuwa nimeipa mgongo safari, kwa hiyo mashamba na maghala na nyumba za watu nilikuwa naviona vikishapita. Nikawagawia mayai.

"Sikia vituko," Kati alisema, yai mkononi. "Kitinda juzi karibu aniue kwa kicheko. Mama yuko kwenye uchungu, na mumewe, jibaba la miraba minne, likazimia mlangoni. Basi Kitinda anamwacha mama, anamkimbilia mume na beseni la maji. Mama akamfokea kutoka kitandani: 'We binti, anayezaa ni mimi!'"

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Huyo ndiye mimi kabisa. Kisha nikatafuta kichwani ilikuwa lini, wodi gani, nikakosa.

"Ilikuwa lini hiyo?" nikauliza. "Mbona siikumbuki?"

Kati aliliangalia yai lake kama linaonyesha tarehe. Kifungua ndiye aliyejibu, kwa ile sauti ya chini anayowaambia nayo akina mama habari zisizo nzuri.

"Si wewe, mdogo wangu. Yuko binti tumemwajiri mwaka jana. Mdogo, hodari, mwepesi. Jina likamkaa tu, hata hatujui nani alianza."

"Jina zuri," nikasema. "Litumike."

Nikawamiminia chai kutoka kwenye chupa. Ndani nilikuwa naumia kitoto kabisa, wivu wa mtoto wa miaka mitano ambaye mwenzake amezaliwa nyuma yake, na kumbe nilikuwa nimeahidiwa ndimi wa mwisho.

Makumbusho tuliyafikia kabla ya adhuhuri. Mizigo na makoti vinaachwa kaunta pale mlangoni, na koti langu likaenda na simu mfukoni. Simu zao hazikuwa na mtandao nje ya hoteli. Hatukuliwazia hilo, nani angeliwazia, tulikuwa watatu tumeshikana mikono.

Na saa ya kwanza ilikuwa tamu, sitasema uongo. Kifungua aliziamkia sanamu zote za wazee kwa heshima zote. Mbele ya shujaa wa zamani aliyevikwa chuma toka utosi hadi kidole cha mguu, Kati alisimama akafikiri sana, kisha akauliza, "Na huyu haja ndogo alikuwa anafanyaje?" Tulicheka hadi mlinzi wa chumba kile akatuwekea kidole mdomoni. Nilijiona nimerudi bwenini. Nilifikiri, sasa hivi watasema. Wakicheka namna hii, neno litatoka lenyewe. Nikaona niwaonyeshe na pembe, ilete neno karibu zaidi, nikawapandisha ngazi.

Sasa nieleze nilivyofundishwa.

Wiki yetu ya kwanza chuoni nilitumwa kufuata mashuka chumba cha kufulia. Ile hospitali ilikuwa kongwe, imeongezwa jengo juu ya jengo, na vijia vyake vyote vilipakwa rangi moja ya kijani. Nilitembea na kila nilipoona nimepotea niliongeza mwendo, nikaishia kwenye ngazi za chini karibu na chumba cha maiti, mikono mitupu, kamasi zinanitoka. Nikakaa chini. Nilikuwa nimelelewa kwa shangazi, nyumba yenye watoto wengi, ambako usipotokea wakati wa chakula sahani yako inaliwa na maisha yanaendelea. Shangazi hakuwa mbaya. Tulikuwa wengi tu. Kwa hiyo nilikaa pale bila kumtazamia mtu yeyote.

Halafu nikasikia jina langu jipya linapigwa kelele kwenye korido ya hospitali, mahali ambapo hata kukohoa unaomba ruhusa. "Kitindaaa!" Kifungua mbele, Kati nyuma na kandambili ya mguu mmoja. Walikuwa wamenitafuta tangu saa ya chai, na walikuwa wamekasirika, na hasira yao ilinifurahisha kuliko zawadi yoyote niliyopata kabla ya hapo.

Matroni alituweka mstari mmoja. "Wanangu," alisema, "aliyepotea akae palepale. Anayetafuta ndiye atembee. Mkitembea wote mtapishana mpaka kuche." Tukaishika kama dini. Sokoni, mnadani, kwenye mazishi yenye watu wengi, aliyejikuta peke yake alikaa chini, na hao wawili walikuja.

Kwa hiyo mbele ya pembe ile nilikaa palepale. Najua utasema, lakini wewe ndiye uliyekuwa unaijua hiyo nyumba ya makumbusho, ungetoka ukawafuata. Ni kweli. Nilikuwa naijua kuliko chumba nilichopanga. Siku zangu za mapumziko, kwa miaka, nilikuwa napanda treni ileile peke yangu, nakuja kuiangalia pembe, nakula mkate kwenye ngazi za nje, narudi. Sikuwahi kumweleza mtu. Unamwambiaje mtu kwamba una miadi na kipande cha mti?

Ningeweza kuwafuata. Sikutaka. Nilitaka kutafutwa. Nilitaka kusikia jina langu kwenye zile korido, lipigwe kwa hasira, walinzi washtuke, na nilitaka liwe langu mimi, si la yule binti mwepesi wa mwaka jana.

Mkunga anajua kungoja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mengine ni maji ya moto tu. Mwanzoni nilingoja kwa raha, nikitunga nitakavyojifanya sijashtuka. Watoto wa shule walipita na mwalimu wao wakaenda. Mke na mume walisimama mbele ya kabati, mume akasema ni tarumbeta, mke akakubali. Kisha mwanga wa dirishani ukahama kutoka ukutani ukashuka sakafuni, na raha ikanitoka. Nikaanza kuwatetea moyoni: labda Kati amevimba miguu, labda wamekwenda chooni pana foleni. Baadaye nikachoka kuwatetea. Nikawaona kichwani mwangu wamekaa kwenye mkahawa wa chini, wanachekeshana kwa habari za Kitinda, hawajagundua kwamba aliyekuwa mbele yao hayupo. Nikalia kidogo. Nililia bila sauti, nikimwangalia yule mlinzi asije akanikuta.

Wazo lililonijia hapo lilikuwa dogo na wazi. Jibu nimelipata. Jumatatu nabaki.

Kengele ya kufunga ilipolia, mlinzi alikuja akasimama upande wangu, naye akaiangalia pembe.

"Tunafunga, mama," akasema. "Kesho itakuwepo."

Nilishuka ngazi nikishika ukuta. Chini, mbele ya kaunta ya mizigo, walikuwa wamesimama wawili, Kati viatu mkononi, macho mekundu. Aliponiona alinijia kasi nikadhani atanipiga.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Nimekaa palepale," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia. "Nimewangoja mchana kutwa."

"Wewe umekaa palepale? Sisi ndio tumekaa palepale! Tumekaa chini ya picha ya lile zee lenye shingo ya kuku mpaka nalijua kuliko mume wangu. Kila mtu aliyekata kona, nasema ndiye huyu!"

"Tumepotea nchi ya watu," Kifungua alisema, "hatujui lugha, hatujui mlango. Tukasema, atatufuata. Mwenyeji wetu hawezi kutuacha." Kisha akatuangalia mmoja mmoja. "Sasa nani alikuwa anatafuta?"

Mhudumu wa kaunta alinisukumia koti langu, nikalivaa, nikalifunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Tulianza kucheka, maana lilikuwa jambo la kuchekesha na tulijua kwamba tutalisimulia hivyo, lakini kicheko chenyewe hakikuvuka mlango.

Kwenye treni ya kurudi Kati alilala kabla hatujatoka mjini, nyayo zake juu ya viatu vyake kama anavilinda. Kifungua alitaka kukaa pembeni yake, akasita, akaja kukaa pembeni yangu. Tukawa sote wawili tumeipa mgongo safari.

"Kulikuwa na nini huko ulikokuwa unatukimbiza?" akauliza.

"Pembe."

"Pembe gani?"

"Yetu. Ya kusikilizia mtoto. Wameiweka ndani ya kioo."

"Makumbusho!" Kifungua alishika kifua. "Mimi yangu nimeiacha dirishani, juu ya kopo la maziwa. Nirudi nayo niwauzie?"

Hapo nikacheka kweli. Halafu akaniuliza tena, taratibu, bila lawama.

"Lakini kwa nini hukuja kututafuta? Wewe ndiye mwenyeji."

"Mimi si mwenyeji," nikasema.

Ilitoka kwa nguvu hata abiria wa kiti cha pili akainua macho. Miaka tisa sikuwahi kuisema, hata peke yangu, hata bafuni. Na ilipokwisha kutoka ilivuta mengine yote nyuma yake: msimamizi, Jumatatu, mkate kwenye ngazi, wazee ambao kila asubuhi walinisahau upya, nadhiri yangu ya kijinga. "Nilikuwa nangoja mniambie rudi," nikamwambia. "Mchana kutwa. Si leo tu."

Treni ilisimama kwenye stesheni moja, watu wakashuka, ikaondoka. Kifungua alikuwa anaupapasa mkono wangu kwa kidole gumba, vile wanavyofanya wakunga wakati hakuna la kufanya.

"Unakumbuka kazi yetu," alisema mwisho. "Mtoto havutwi. Unasikiliza, unangoja, anakuja mwenyewe. Mimi na Kati tulikubaliana tusikuvute. Tuliona uko pazuri, tusiwe watu wa kumharibia mwenzao."

"Mlijuaje niko pazuri?"

"Si wewe ulisema? Kila simu. Hujambo, uko salama. Hata sauti ilikuwa salama."

"Mimi si mtoto, dada."

"Naona," akasema. "Naona sasa."

Nikakusanya pumzi. "Na chumba?"

"Sitakudanganya, mdogo wangu. Chumba anacho yule binti. Kitanda chako analala yeye, hatukuwa na pa kumweka, na wewe hukuwa unakuja." Alinitazama usoni kuona kama bado niko naye. "Chumba hakuna. Lakini rudi."

Alilisema hivyo tu, kama mtu anayemwambia mwenzake afunge mlango, upepo unaingia. Neno nililolingoja mpaka nikaota mvi. Nilidhani siku likija nitaruka, au nitalia, au kitu kitatokea dirishani. Nilichohisi ni uchovu. Nilikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo, na shingo bado inaubeba. Kati mbele yetu alikoroma, akajigeuza, akaendelea kulala.

Jumatatu nilimjibu msimamizi: ahsante, naondoka. Sikuondoka mwezi ule wala uliofuata, maana kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anatutoka taratibu na sikutaka afie mikononi mwa mgeni. Kisha nikarudi nyumbani. Sitapamba: haikuwa arusi. Nilipanga chumba mtaa wa pili kutoka kituoni. Wenzangu walikuwa na mazoea yao, vikombe vyao, utani ulioanza nikiwa sipo, na mikono yangu ilikuwa imezoea kunyanyua wazee, ikabidi ifundishwe tena wepesi. Yule binti, mwepesi kweli kama walivyosema, ndiye aliyenikumbusha mambo mengi, na aliniita Mama kwa heshima iliyonizeesha. Kuna jioni nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani na koti lile la ughaibuni mapajani, nikajiuliza nimerudi wapi. Upweke haukaguliwi mpakani, nilipita nao. Unapungua, lakini pole pole, kama uvimbe.

Jioni kama hizo huwa siikumbuki pembe, wala benchi, wala lile neno la kwenye treni. Nakumbuka yaliyofuata siku ileile.

Tuliposhuka kwenye stesheni kubwa, wao walitakiwa kupanda treni nyingine ya kuwapeleka hotelini kufuata mizigo. Watu walikuwa wengi, matangazo yanalia juu ya vichwa vyetu kwa lugha ambayo ni mimi tu niliyeisikia. Niliwapeleka kwenye nguzo moja pana yenye tangazo la dawa ya meno, nikawasimamisha hapo.

"Kaeni hapa," nikasema. "Msisogee. Naenda kuuliza treni yenu."

"Na tukipotea?" Kati akauliza, nusu utani, akivaa kiatu.

"Mkae palepale. Mimi ndiye natembea."

Nikaenda, nikauliza, nikaambiwa, nikarudi kwa njia nyingine kwa sababu watu waliziba ile ya kwanza. Nikatokea nyuma ya kibanda cha magazeti, hatua chache kutoka kwenye nguzo. Walikuwa wamesimama vilevile nilivyowaacha, mgongo kwa mgongo, mifuko wameibana kifuani. Shingo zao zilikuwa zinahangaika. Walikuwa wanakagua kila koti linalopita, kila kichwa, Kati akisimama kwa vidole vya miguu, Kifungua mkono juu ya macho kana kwamba kuna jua mle ndani. Mahali nilipokuwa hawakuangalia.

Treni yao ilikuwa karibu kuingia. Nikainua mkono niwaite.

"Kitinda!" Kifungua akapiga kelele, kwenye stesheni nzima ya watu, sauti ileile ya korido ya kijani, na watu wakasimama na masanduku yao. "Kitindaaa!"

Nikaushusha mkono. Nikawaacha waniite mara moja zaidi.